Hospitali Si Boma la Mtu

Nawaandikia ninyi mnaobaki katika chumba cha kupigia picha za macho, hasa Brenda na Kevo, mlionisumbua kwamba nisiondoke bila kuacha maneno. Siku ya kuniaga sikutoa hotuba. Chai ilikuwa imepoa, na mkubwa wa utawala alikuwa ameshasema yote niliyoyafanya pamoja na mengine ambayo sikuyafanya. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo Mjaluo, Mkisii, Mkuria na Mluhya wa idara yetu wamekuwa wakielewana kwayo, na kwa sababu Kiingereza changu kiliishia darasa la saba, pale shule yangu ilipoishia.

Niliacha shule kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kuzaliwa. Baba alitangulia, na mama akamfuata kabla udongo wa kaburi la baba haujashikana. Ilikuwa miaka ile ambayo kila boma upande wetu wa Magunga lilikuwa na kaburi jipya, na hakuna aliyeutaja ugonjwa wenyewe kwa jina. Nyuma yangu kulikuwa na ndugu watatu. Wa mwisho alikuwa Atieno, ambaye bado nilikuwa nambeba mgongoni. Surua ilimpata mwaka huohuo. Ilipoondoka, jicho lake la kushoto lilikuwa limesinyaa, na la kulia lilikuwa na kovu jeupe katikati, kama mtu ameangusha tone la uji juu yake na kusahau kulipangusa. Tangu hapo alitembea ameshika sketi yangu. Nikienda haraka alinikemea: "Rose, mimi si mkia."

Kazi ya kwanza niliyopata hospitalini Homa Bay ilikuwa kufua vitambaa vya chumba cha upasuaji wa macho na kupiga deki wodi. Siku ya kwanza, baada ya sakafu, niliona meza yenye mashine iliyojaa vumbi, nikainua kitambaa nianze kuipangusa. Mkono mdogo ulinikamata kifundo cha mkono.

"Wewe! Hicho ni kioo, si sufuria."

Huyo ndiye Madam Nyaboke, afisa wa tiba ya macho, mwanamke mfupi kutoka Kisii aliyekuwa na sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mto. Mashine yenyewe ilikuwa taa ya kupimia macho, ile ya mwanga mwembamba. Alinipa kitambaa laini kutoka mfukoni mwake, akanionyesha namna ya kupangusa kutoka katikati kwenda nje, akaenda zake. Kesho yake alikuja kuangalia kama nimekumbuka. Nilikuwa nimekumbuka. Aliniachia kile kitambaa, na kwa Madam Nyaboke hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Nilitoka kwenye deki kwa sababu ya mtoto mmoja aliyekuwa akipiga mateke wakati wanataka kumtoa uchafu jichoni. Watu watatu walikuwa wamemkandamiza. Niliweka ndoo chini, nikamkalisha mapajani pangu, kichwa chake kifuani mwangu, kiganja kimoja kwenye paji la uso, nikaanza kumwimbia upuuzi niliokuwa nikimwimbia Atieno. Akatulia. Madam Nyaboke alimaliza kazi yake, akaitazama mikono yangu badala ya kunitazama usoni.

"Hii mikono imelea," akasema. "Kesho uje kwangu. Deki atapiga mwingine."

Aliyonifundisha yeye ndiyo niliyowafundisha ninyi, lakini nayarudia kwa sababu Kevo husahau. Mwite mgonjwa kwa jina kabla hujamgusa. Mwambie jeli ni baridi kabla hajaisikia. Kidevu kikae mahali pake, na paji la uso liguse mkanda, si karibu kuugusa, liguse. Na miguu. Mtu ambaye miguu yake inaning'inia hawezi kutuliza kichwa, hata awe chifu. Ndiyo maana kile kigoda cha mbao kipo, na ndiyo maana nimewagombeza kila mnapokikalia kula chapati.

Hadubini yetu, ile ya kupigia picha za ndani ya jicho, ilikuja miaka mingi baadaye, ndani ya sanduku lililokaa kwenye veranda hadi tulipohakikishiwa kwamba umeme hautaiua. Wakati huo hospitali ilikuwa imepata daktari bingwa wa macho, Daktari Kiprono, mtu wa Kericho mwenye maneno machache, na alikuwa ameanza kupandikiza konea. Ninyi mnajua konea ni nini. Lakini kama barua hii itasomwa na binamu yenu asiyejua, konea ni kile kioo cha mbele ya jicho. Kikiharibika huondolewa, na mahali pake hushonwa kioo kilichotoka kwa mtu aliyefariki, ambacho hutufikia katika chupa ndogo iliyowekwa kwenye baridi.

Watu waliogopa. Mama mmoja muuza omena aliuliza kama mwenye jicho hatakuja kulidai.

"Akija," Madam Nyaboke akamjibu, "mwambie aje kwangu kwanza. Mimi ndiye nina ufunguo wa friji."

Mama akacheka, akapanda meza ya upasuaji akiwa bado anacheka.

Shida kubwa si kushona. Shida ni kwamba mwili una akili ya mlinzi wa lango. Ukigundua kwamba kioo hiki ni mgeni, hukikataa, iwe ni mwezi wa pili au mwaka wa tano. Zamani tulijua hivyo jicho likiwa limeshakuwa jekundu na kioo kimeanza kuingia ukungu, na mara nyingi tulikuwa tumechelewa. Hadubini ndiyo iliyobadilisha hayo. Unatia matone ya ganzi, unapaka jeli, unaleta ncha ya mashine mpaka iguse jicho kwa upole, halafu kwenye skrini unaingia ndani ya konea tabaka baada ya tabaka, kama mtu anayefunua kurasa.

Daktari Kiprono alikuwa akisoma picha, mimi nikizipiga. Lakini alisema mpigaji asiyejua anatafuta nini huleta picha za ukuta. Basi akanifundisha. Siku moja alikuja na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Ndani kulikuwa na sega la asali alilonunua kwa watu wanaorina karibu na mbuga ya Ruma.

"Tabaka la nyuma kabisa linafanana na hili," akasema. "Vyumba vya pembe sita, vimebanana. Kazi yao ni kutoa maji ndani ya konea usiku na mchana. Kimoja kikifa, hakizaliwi kingine. Majirani hujinyoosha kuziba pengo. Wakifa wengi, hakuna wa kujinyoosha, maji yanajaa, kioo kinakuwa ukungu."

Kisha akanieleza kuhusu askari. Ni seli za ulinzi, kwenye picha zinang'aa. Zikiwa chache na mikono mifupi, zinapita tu katika doria yao. Zikiwa nyingi na zimenyoosha mikono mirefu, tayari zimeita wenzao, hata kama jicho bado ni jeupe na mgonjwa anakusimulia harusi ya binti yake. Hapo ndipo dawa huongezwa na konea huokolewa.

Baada ya somo Madam Nyaboke alileta kijiko, tukalila sega.

Atieno alikuwa ameshaolewa upande wa Migori, nje kidogo ya Awendo, kwenye mashamba ya miwa. Mume wake Ouma alikuwa dereva wa trekta la kubebea miwa. Alipokuja kuposa nilimketisha, nikamweleza yote kuhusu macho ya dada yangu, maana sikutaka aje kuyagundua halafu amrudishe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakoroga chai yake. "Mimi sikuja kuoa macho," akasema. Ng'ombe wa mahari waliletwa kwangu, kwa sababu nyumbani kwetu hakukuwa na baba wala mama wa kuwapokea.

Konea ya Atieno ilipopatikana sikuingia chumba cha upasuaji. Daktari alinizuia, na alifanya vizuri. Lakini siku ya kufungua bandeji nilikuwepo, mimi na Ouma, tumesimama kando ya kitanda kama wezi wanaongojea hukumu. Madam Nyaboke akaondoa kitambaa. Atieno akapepesa, akanitazama kwa muda.

"Yawa, Rose," akasema. "Kumbe umezeeka hivi?"

Akamgeukia mume wake. "Na wewe, nani alikudanganya hizo ndevu zinakufaa?"

Ouma alitoka nje, tukadhani amekasirika. Alirudi amenyolewa na kinyozi wa langoni.

Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa kupigiwa simu. Atieno alinipigia kuniambia maneno yaliyoandikwa nyuma ya lori la miwa. Alinipigia kuniambia kwamba binti yake ana alama nyeusi shingoni mahali ambapo niliwahi kumwambia mama yetu alikuwa na yake. Kila alipokuja kupigwa picha, Ouma alimleta kwa pikipiki, akamngoja kwenye benchi akiwa ameshika helmeti mbili mapajani. Kwenye benchi hilo Atieno alifanya marafiki wengi kuliko mimi niliyefanya kazi pale, hasa wanawake waliopandikizwa kama yeye.

Kisha ikaja picha ambayo sikuipenda. Jicho lilikuwa jeupe. Alisoma herufi za ukutani hadi mstari wa chini na kuomba nyingine. Lakini askari walikuwa wamekuwa wengi, na baadhi walikuwa wameanza kunyoosha mikono. Tabaka la nyuma lilikuwa zima, sega kamili. Daktari alisoma, akaongeza matone, akasema tumemkamata mapema.

"Rudi baada ya wiki mbili," akamwambia. "Usikose hata kama unaona vizuri. Ukikosa, nitamtuma dada yako akufuate na kiboko."

"Huyo hahitaji kutumwa," Atieno akasema.

Wiki mbili hazikuisha. Ouma alianguka asubuhi akiwa anawasha trekta. Walisema ni presha. Alifika hospitali ya karibu akiwa ameshakata roho.

Kwetu, mtu akifa hazikwi kesho. Mwili hulala mochari wakati familia inakusanyika, na muda huo wote mjane hukaa nyumbani. Haendi sokoni, haendi kwa jirani, na hakanyagi boma la mtu mwingine mpaka mume azikwe, nywele zinyolewe, na wakubwa wakae chini waseme sasa amefunguliwa. Akitoka kabla ya hapo, inaaminiwa anabeba kifo kwenye nyayo zake na kukipeleka kwa watoto wa wenyewe. Kuna wanaoamini kabisa, na kuna walokole wanaosema hawaamini, ila nao hawamruhusu mjane kutoka.

Nilikwenda kwenye matanga kama dada. Nilimkuta Atieno amekaa kwenye mkeka, kitambaa kichwani, uso umeelekea mlangoni. Jicho lilikuwa jekundu.

"Ni kulia tu," akaniambia. "Na moshi."

"Mwanga unakuumiza?"

Akavuta kitambaa mbele ya macho. "Kidogo."

Afisa wa tiba wa zahanati ya karibu alikuja kwa hisani yake, akalimulika jicho kwa tochi. Aliona doa jeupe kando ya mshono mmoja. Nilimpa simu azungumze na Daktari Kiprono, kisha nikaichukua mimi.

"Rose," daktari akasema, "kama ni kukataliwa, anahitaji matone makali kila saa, na anayahitaji leo. Lakini hilo doa linanitisha. Yuko katikati ya miwa, kuna vumbi la majani. Kama ni kuvu imeingia kwenye mshono, matone hayohayo yataipa nguvu, itaila konea yote na jicho nalo. Kwa tochi huwezi kuyatofautisha hayo mawili. Kwa mashine ninayatofautisha kabla chai haijapoa. Mlete."

Mashine haikuweza kuja, na mjane hakuweza kutoka. Kati ya hayo mawili ndipo jicho la dada yangu lilipokaa.

Nilikwenda kwa Shem, kaka mkubwa wa Ouma, ambaye ndiye aliyekuwa akisimamia msiba. Alikuwa chini ya turubai na wazee wawili. Wanawake walikuwa wanapepeta mchele karibu.

"Shemeji," nikasema, "naomba nimchukue Atieno kwa siku moja. Hospitali, Homa Bay."

"Ndugu yangu yuko mochari, na mke wake apande gari aende mjini?"

"Anaenda kupimwa jicho, haendi sokoni."

"Najua, dada. Lakini njiani ataingia kwa nani? Gari likiharibika atalala kwa nani? Mtoto wa huko akiugua mwezi ujao, watakuja kuniuliza mimi, si wewe."

Mmoja wa wanawake wa mchele akasema bila kuinua kichwa, "Jicho lenyewe la kuazima. Si mwenyewe alishakufa?"

Wakacheka wawili watatu. Shem akawakemea, wakanyamaza. Akanigeukia tena, na sauti yake haikuwa na ubaya.

"Unaniomba kama nani? Dada ya mjane hana kauli hapa."

"Kama mama yake," nikasema. "Nilimbeba mgongoni. Ng'ombe wenu walifungwa kwenye kigingi changu."

Akainamisha kichwa. "Hilo silikatai. Mimi sikatai jicho, shemeji. Naogopa watoto. Ngoja tumzike."

Niligeuka kumtazama Atieno kwenye mkeka wake, ndani ya mlango uliokuwa wazi, nikitumaini atasema neno. Hakusema. Nilidhani ni heshima ya mjane.

Basi nilikaa. Nilimtia matone yaleyale ya zamani kwa saa zake, kwa kuwa daktari hakuthubutu kuyaongeza bila picha. Nilimhamisha mbali na moto. Niliosha mikono mpaka ngozi ikakauka. Kila asubuhi nilimfungulia kope na kuona kioo kikiwa na mvuke zaidi, kama dirisha la jikoni wakati wa kupika. Nimefanya kazi nyingi ngumu hospitalini, lakini hiyo ya kutazama kitu ninachokijua, mahali ambapo siwezi kukipiga picha, ndiyo iliyonichosha kuliko zote.

Siku ya mazishi walifungua sanduku ili watu wapite kuaga. Atieno alisimama pale muda mrefu. Wanawake walimvuta apishe wengine, akajing'oa mikononi mwao, akarudi. Aliinama mpaka uso wake ukakaribia kugusa wa mume wake. Walimvuta tena, akarudi tena. Ilibidi Shem aseme, "Mwacheni."

Nilifikiri baada ya kaburi kufunikwa tungeondoka. Lakini kunyoa kulikuwa bado, na kulikuwa kunamngoja mjomba mmoja aliyekuwa njiani kutoka upande wa Tarime, ambaye bila yeye jambo haliwezi kufanywa. Mjomba alipiga simu kusema kesho. Kesho akasema kesho.

Ndipo Dani alipoingilia. Dani ni bibi kwa lugha yetu, na ndivyo wote walivyomwita mama yake Ouma, mwanamke mzee sana ambaye tangu nifike hakuwa amesema neno zaidi ya jina la mwanawe. Aliniita nikakae mbele yake. Shem na wazee walikuwepo.

"Hiyo hospitali yenu," akasema, "ina mwenyewe?"

"Hapana, Dani. Ni ya watu wote."

"Kuna mwanamke mwenye jiko lake pale?"

"Kuna jikoni ya wagonjwa. Si ya mtu."

"Mtu akifa pale, anazikwa pale?"

"Hapana. Watu wake huja kumchukua."

Akafikiri, akitafuna midomo. "Mahali ambapo hakuna jiko la mtu na hakuna kaburi la mtu si boma. Hospitali si boma la mtu. Nimezika mtoto, sitaki kumwongoza mke wake kwa mkono. Shem, tafuta gari."

"Mama, mjomba—"

"Mjomba atakuta nywele zipo. Nywele haziendi popote. Jicho linaenda."

Shem hakutafuta gari tu, alipanda mwenyewe. Nafikiri alikuwa amengoja kuambiwa hivyo na mtu mwenye uwezo wa kumwambia. Njia nzima Atieno hakushuka, hakula kitu, hakupokea hata maji ya mtu.

Kwenye chumba cha picha nilimketisha mimi mwenyewe. Daktari aliniuliza kama nataka mwingine apige, nikasema hapana. Nikaweka kigoda chini ya miguu yake. Nikamwita kwa jina. Nikamwambia jeli ni baridi.

"Mikono yako ni baridi," akasema.

"Nimekuambia jeli ni baridi."

Matabaka ya mbele yalikuwa yamejaa askari, mikono yao mirefu imeshikana. Nilitafuta nyuzi za kuvu, zile zinazogawanyika kama mizizi, nikatafuta kando ya mshono mahali pa doa. Hakuna. Lilikuwa ute tu umegandia uzi uliolegea. Kama tungalijua, matone yangalianza siku ile ya kwanza. Nikashuka zaidi, kwa shida, maana maji yalikuwa mengi. Tabaka la nyuma nililipata kwa vipande. Palipokuwa na sega sasa palikuwa na weusi, na ndani ya weusi seli moja hapa, nyingine pale, zimejinyoosha mpaka zimepoteza umbo.

Daktari Kiprono alisimama nyuma yangu. Aliitazama skrini, akaniwekea mkono begani. Hakuwahi kufanya hivyo kabla wala baada.

Alilazwa, tukatia matone makali kila saa. Askari walipungua. Sega halikurudi, kwa sababu halirudi. Ukungu ukakaa. Daktari alisema konea ya pili inaweza kujaribiwa, lakini mishipa ya damu ilikuwa imeanza kuingia ukingoni, na jicho la namna hiyo hukataa upesi zaidi. Alituachia tufikiri.

Shem alikuwa bado anakuja kumwona. Siku moja, alipoondoka, Atieno akaniambia, "Unamlaumu bure."

"Sijamlaumu."

"Unamlaumu. Nasikia hata unavyoweka kikombe mbele yake." Akatafuta mkono wangu juu ya shuka. "Nyaminwa, dada yangu, hata angeniruhusu siku ile, nisingetoka."

Nilimuuliza kwa nini.

"Ouma nilimwona mwaka mmoja. Miaka mingine yote alikuwa sauti na harufu ya dizeli. Halafu naambiwa yuko kwenye sanduku, litafungwa, basi. Niondoke, nikachelewe njiani, warudi kuniambia tumeshamzika? Ningetunza jicho la kumwona nani?"

"Watoto wako," nikasema.

Akauachia mkono wangu.

"Hilo ndilo ninalolilia," akasema. "Usinikumbushe, linajikumbusha."

Konea ya pili aliikataa. Nilibishana naye, nikashindwa. Sasa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita. Amerudi kutembea ameshika nguo za mtu, siku hizi za binti yake, yule mwenye alama shingoni. Nimesikia akimkemea kwa maneno yaleyale.

Nilirudi kazini, kwa sababu benchi lilikuwa limejaa. Nilipiga picha za watu wengine, na kila nilipoona sega zima kwenye skrini nilihesabu vyumba vyake mara mbili. Hilo halikuisha, lilipungua tu. Madam Nyaboke alistaafu, akarudi kwao. Kabla hajaondoka tuliongeza swali moja ambalo mmelikuta hapa na huenda hamjui lilitoka wapi. Kabla ya ganzi, kabla ya jeli, muulize kila aliyepandikizwa: nyumbani kuna mgonjwa, kuna msiba? Kevo aliwahi kuniambia swali hilo ni la umbea. Ndiyo, ni la umbea. Uliza.

Namalizia na siku yangu ya mwisho. Mlikuwa mmeshapanga viti, chai imemiminwa, mkubwa wa utawala ameshika karatasi zake. Atieno aliingia na mwanamke mwingine, wameshikana mikono, binti yake ametangulia. Yule mwanamke alikuwa wa Oyugis, mmoja wa marafiki zake wa benchi. Alikuwa amefiwa na mume, jicho limeanza kuogopa mwanga, na wakwe wamesema asitoke. Alimpigia Atieno simu. Atieno akafunga safari hadi kwenye boma lile, akaketi chini mbele ya wazee wa watu asiowaona, akawaambia maneno ya Dani, ambaye sasa naye ni marehemu. Walipomuuliza yeye ni nani wa kuwafundisha mila, aliondoa miwani yake myeusi, akawaonyesha.

Mwanamke alikuwa na nywele zake zote, hajanyolewa bado. Nilimketisha, nikaweka kigoda, nikamwita kwa jina, nikamwambia jeli ni baridi. Askari walikuwepo, wengi, mikono nje. Nikashuka tabaka baada ya tabaka hadi nyuma. Daktari akaja, akasoma, akaandika matone, akatoka akitembea haraka, jambo ambalo si kawaida yake.

Atieno alikuwa amesimama kando ya mashine, mkono juu ya kiti changu.

"Sega lipo?" akauliza.

"Lipo."

"Nieleze."

Dada yangu hajawahi kuiona skrini ile. Alipokuwa na jicho, lilikuwa upande wa pili wa mashine. Nikamweleza. Nikasema ni kijivu, na kuna vyumba vidogo vidogo, kila kimoja kina pembe sita, vimebanana kama watu kanisani siku ya sikukuu.

"Hakuna weusi katikati?"

"Hakuna."

"Endelea," akasema.

Nikaendelea, safu baada ya safu, yeye ameinamisha kichwa akisikiliza, mpaka Brenda alipochungulia mlangoni kuniambia chai inapoa.